Seli za Lithiamu: Kemia, Maumbo na Joto la Kisangani

Mji wa Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hutegemea umeme wa bwawa la Mto Tshopo, ambalo lilijengwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, katika miaka ya 1950, na ambalo leo linaendeshwa na shirika la taifa la umeme, SNEL. Mitambo yake mitatu ilikusudiwa kutoa takriban megawati 18, kiasi ambacho kisingeutosheleza mji wenye wakazi zaidi ya milioni moja hata kama mitambo yote ingezunguka usiku na mchana, na mara nyingi si yote inayozunguka. Hali hiyo imeifanya betri kuwa sehemu ya lazima ya maisha ya mji: taa ya sola iliyotundikwa chini ya bati, simu inayochajiwa kibandani kwa malipo, kompyuta ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani, na pampu ndogo au friji ya dawa katika zahanati ya ng'ambo ya mto, Lubunga, vyote hivyo huishi kwa umeme uliohifadhiwa.

Sehemu kubwa ya umeme huo huhifadhiwa katika seli za ioni za lithiamu, na bidhaa zinazouzwa kwa jina hilo moja hutofautiana sana kwa ndani. Mnunuzi anayeiona lebo ya lithiamu ubavuni mwa betri bado hajajua mambo mawili anayopaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha zake, yaani kemia ya kathodi yake na umbo la seli zake. Mambo hayo mawili huchanganywa mara kwa mara hata na mafundi, kana kwamba kila seli ya mviringo ni ya aina moja na kila seli bapa ni ya aina nyingine, wakati ukweli ni kwamba umbo lolote laweza kubeba kemia yoyote. Kwa mji wenye joto, unyevu na umeme wa kusuasua, kosa katika jambo la kwanza huleta hasara, na pengine moto.

Safari ya ioni

Seli ni chombo kimoja kamili kinachohifadhi umeme kwa njia ya kemia, na betri ni seli moja au nyingi zilizounganishwa pamoja na vifaa vya kuzilinda. Simu ya kawaida ina seli moja. Betri ya volti 36 ya baiskeli ya umeme, ambayo siku moja huenda ikawafaa waendesha toleka, yaani teksi za baiskeli za Kisangani, huwa na seli 10 zilizounganishwa kwa mfululizo ili volti zao zijumlishwe.

Ndani ya kila seli zimo elektrodi mbili, yaani nyuso mbili zinazopokea na kutoa umeme: anodi upande wa hasi, na kathodi upande wa chanya. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, na atomi yake huachia elektroni moja kwa urahisi mkubwa. Ikishaiachia hubaki ioni, maana yake chembe yenye chaji, na ioni hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kupenya kati ya tabaka za vitu vingine vigumu bila kuvivunja. Seli inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika kathodi, huvuka kimiminika kiitwacho elektroliti, na kuingia kati ya tabaka za grafiti, aina ya kaboni ambayo ndiyo anodi, ilhali elektroni, ambazo haziwezi kupita katika elektroliti, hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya wa nje. Seli inapotumika safari hugeuka, ioni hurudi kathodi kwa ndani na elektroni hurudi kwa nje, na njiani elektroni hizo huwasha taa. Grafiti iliyojaa hubeba ioni moja kwa kila atomi 6 za kaboni. Katika seli yenye afya lithiamu haijikusanyi kamwe kuwa metali tupu, na hilo ndilo linalozitofautisha seli hizi na zile za majaribio ya mwanzo.

Majaribio hayo yalifanywa katika miaka ya 1970, pale M. Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon, alipounda seli yenye kathodi ya titani na salfa na anodi ya lithiamu tupu. Seli ilifanya kazi, lakini kila ilipochajiwa upya metali iliota miiba myembamba iliyovuka hadi upande wa pili na kuunganisha ncha mbili, na matokeo yalikuwa moto. Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu yaweza kuwa kathodi yenye volti karibu 4. Mwaka 1985 Akira Yoshino, wa kampuni ya Asahi Kasei huko Japani, aliiunganisha kathodi hiyo na anodi ya kaboni bila kutumia lithiamu tupu mahali popote, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza seli hizo. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Historia hiyo husimuliwa kwa kawaida kama historia ya Uingereza, Marekani na Japani, na msomaji wa Afrika anastahili kuisikia kwa ukamilifu zaidi. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Moroko, ndiye aliyeonyesha akiwa Grenoble, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwamba ioni za lithiamu zaweza kuingia katika grafiti na kutoka tena mara nyingi. Vimiminika vya wakati huo vilikuwa vikiibomoa grafiti tabaka kwa tabaka, naye alilikwepa tatizo hilo kwa kutumia elektroliti ngumu ya polima. Michael Thackeray, wa Afrika Kusini, alikwenda Oxford katika miaka hiyohiyo na kuthibitisha pamoja na Goodenough kwamba oksidi ya manganizi, madini ya bei nafuu kuliko kobalti, nayo hufaa kuwa kathodi. Mwaka 2014 Yazami alishiriki na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi wa Sony Tuzo ya Draper, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa za uhandisi duniani. Grafiti iliyomo karibu katika kila simu inayouzwa Kisangani leo inatokana na kazi ya Mwafrika huyo, na haki ni kulitaja jina lake shuleni pamoja na majina ya wale watatu.

Kathodi ndiyo inayotoa jina

Anodi za seli nyingi hufanana, kwa hiyo tofauti za bei, uzito, umri na usalama hutokana hasa na kathodi. Iliyo kongwe zaidi sokoni ni ile ya oksidi ya kobalti na lithiamu, ambayo bado hutumika katika simu kwa sababu hubeba nishati nyingi katika nafasi ndogo. Volti yake ya kawaida ni 3.6 au 3.7, na hujaa ikifika 4.2, ingawa simu za miaka ya karibuni huvuka kidogo kikomo hicho. Kwa uzani, takriban asilimia 60 ya kathodi hiyo ni kobalti, kwa hiyo betri ya simu yenye uwezo wa miliampea-saa 4,000 yaweza kuwa na gramu 10 za kobalti au zaidi kidogo. Udhaifu wake ni kwamba ikipata joto kali huachia oksijeni iliyomo ndani yake, na oksijeni hiyo ikikutana na elektroliti, ambayo ni kimiminika kinachowaka, moto hujilisha wenyewe hata pasipo hewa ya nje.

Ili kupunguza kobalti, ambayo ni ghali, wahandisi walichanganya nikeli, manganizi na kobalti katika kathodi moja, na mchanganyiko huo, unaojulikana duniani kwa herufi NMC, ndio uliotawala magari ya umeme ya Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Nikeli huongeza nishati, manganizi huleta uthabiti, na kobalti huzuia atomi zisibadilishane nafasi katika tabaka. Kadiri nikeli inavyoongezwa ndivyo seli inavyobeba zaidi na ndivyo inavyohitaji uangalizi zaidi.

Kathodi ya chuma, fosfati na lithiamu, ifupishwayo LFP, ilibuniwa katika maabara ya Goodenough alipokuwa Chuo Kikuu cha Texas, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997. Haina kobalti wala nikeli hata chembe. Volti yake ya kawaida ni 3.2, hujaa ikifika 3.65, na kwa uzito uleule hubeba nishati pungufu kuliko NMC. Mwanzoni ilionekana haina maana kwa sababu hupitisha umeme vibaya mno, mpaka ilipogunduliwa kwamba ikisagwa kuwa unga laini sana na kila punje ikivishwa utando wa kaboni, kasoro hiyo huondoka. Fadhila yake kubwa ni kwamba oksijeni yake imefungwa na fosforasi kwa nguvu ambayo joto la kawaida la ajali haliwezi kuivunja kwa urahisi, na kwa hiyo haishiki moto upesi. Tena hustahimili mizunguko 2,000 na zaidi ya kujazwa na kutumiwa, wakati seli ya simu huchoka baada ya mizunguko 500 hadi 1,000. Mwaka 2024, kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, karibu nusu ya soko la dunia la betri za magari ya umeme lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na kemia hii.

Ziko nyingine, mfano zile ambazo anodi yake ni oksidi ya titani badala ya grafiti. Hizo hudumu mno, lakini volti yake ni takriban 2.4 tu na bei yake ni kubwa, kwa hiyo mtu wa kawaida hakutani nazo mara nyingi.

Tofauti ya LFP na jamaa zake zenye kobalti huonekana wazi zaidi pale fundi anapotaka kuiondoa betri ya zamani ya risasi na asidi katika mfumo wa sola na kuweka ya lithiamu mahali pake. Kidhibiti cha sola, yaani kile kisanduku kinachopima umeme unaoingia kutoka kwenye paneli, kiliundwa kwa ajili ya betri ya risasi ya volti 12, na huendelea kuchaji hadi volti 14.4 hivi. Seli 4 za LFP zilizounganishwa kwa mfululizo huwa na volti 12.8 kwa kawaida na 14.6 zikijaa, kwa hiyo kidhibiti hicho huzifaa bila marekebisho makubwa. Seli 3 za NMC au za kobalti kwa mfululizo huwa na volti 11.1, na kikomo chake ni 12.6, zikipewa volti 14.4 kila seli italazimishwa kufika 4.8, kiwango ambacho huibomoa kathodi, huifanya lithiamu ijikusanye kuwa metali juu ya grafiti, na huiweka nyumba nzima katika hatari. Mtu anayefungua betri za kompyuta zilizokufa, akachagua seli zilizo hai na kuziunganisha tatutatu kwa ajili ya sola ya nyumbani, huwa anafanya kazi ya busara na ya kubana matumizi, ila akisahau hesabu hiyo na kuacha kuweka saketi ya ulinzi, yaani bodi ndogo ya elektroniki inayokata umeme seli yoyote inapovuka kikomo chake, huwa ametega moto ndani ya nyumba yake.

LFP nayo ina tabia inayowachanganya watumiaji. Volti yake hubaki karibu palepale tangu inapokuwa imejaa kiasi hadi inapokaribia kuisha, kisha huanguka ghafla, kwa hiyo kipimo cha volti peke yake hakiwezi kueleza kwa uhakika umebaki umeme kiasi gani. Taa inayong'aa vilevile saa zote na kuzimika bila onyo haina ubovu wowote.

Namna seli inavyojengwa

Ujenzi wa seli huanza na unga. Unga wa kathodi huchanganywa na kaboni nyeusi inayopitisha umeme na gundi ya polima, ukawa rojo zito linalopakwa juu ya karatasi ya alumini yenye unene wa mikromita 10 hadi 20, mikromita moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Grafiti hupakwa vivyo hivyo juu ya karatasi ya shaba, nyembamba zaidi. Metali hizi mbili hazikuchaguliwa kwa bahati: katika volti ya chini ya anodi alumini ingeungana na lithiamu na kusagika, na katika volti ya juu ya kathodi shaba ingeliwa na kuyeyuka. Sababu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini seli iliyoachwa ikauke kabisa kwa miezi mingi haifai kufufuliwa. Volti yake ikishuka mno, shaba ya anodi huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, na inapochajiwa tena shaba hiyo huganda mahali pasipostahili na kutengeneza njia ya mkato kati ya ncha mbili.

Karatasi zilizokwisha kupakwa hukaushwa, hukandamizwa kwa roli nzito ili unga ushikamane, kisha hukatwa kwa upana unaotakiwa. Kati ya anodi na kathodi huwekwa kitenganishi, utando wa plastiki wenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huruhusu ioni kupita na kuzuia elektrodi zisigusane. Katika seli nyingi utando huo una tabaka tatu, polipropilini nje na polithini katikati. Joto likifika nyuzi 130 za selsiasi hivi, polithini huyeyuka na kuziba vitundu, na safari ya ioni hukoma, ilhali polipropilini hushikilia umbo mpaka karibu nyuzi 165. Ulinzi huo ni wa mara moja tu, na seli iliyookolewa nao haitumiki tena.

Hapo ndipo maumbo hutengana. Katika seli ya mviringo, karatasi ya kathodi, kitenganishi na karatasi ya anodi huviringishwa pamoja kama mkeka na kuingizwa katika kopo la chuma lililopakwa nikeli, ambalo lenyewe ndilo ncha hasi, kisha kifuniko chanya hubanwa juu yake. Iliyoenea zaidi ni ile iitwayo 18650, jina ambalo ni vipimo vyake, milimita 18 za kipenyo na 65 za urefu. Zipo pia 21700, na 32700 ya LFP ambayo hupatikana katika taa nyingi za sola. Chini ya kifuniko chake mara nyingi huwekwa diski inayokata umeme shinikizo la gesi likizidi, na tundu la kupumulia ili kopo lisilipuke. Umbo hili ni imara na hutengenezwa kwa kasi, lakini seli za mviringo zikipangwa pamoja huacha nafasi tupu kati yake.

Seli ya kisanduku huwa na gamba la alumini la pembe nne, na ndiyo inayotumika zaidi katika betri kubwa za sola na magari. Mwaka 2020 kampuni ya BYD ya China ilitoa seli ya LFP ndefu na bapa, karibu sentimita 96, inayopangwa moja kwa moja katika sakafu ya gari. Seli ya mfuko, ambayo imo katika simu, haina gamba gumu: tabaka zake hufungwa katika karatasi laini ya alumini na plastiki. Ni nyepesi kuliko zote, lakini gesi ikizalika ndani yake haina pa kutokea, na hivyo mfuko huvimba mpaka kuinua kioo cha simu. Seli iliyovimba imekwisha kazi, na desturi ya kuitoboa ili gesi itoke yapasa kukomeshwa bila kusitasita, maana sindano ileile hupita katika kitenganishi.

Kabla ya kufungwa, seli hujazwa elektroliti, ambayo kwa kawaida ni chumvi ya lithiamu yenye florini iliyoyeyushwa katika vimiminika vya asili ya mafuta. Chumvi hiyo ikikutana na maji huzalisha asidi ya florini, sumu inayokula kathodi na kuharibu mapafu, ndiyo sababu viwanda hufanya kazi hii katika vyumba vilivyokaushwa hadi unyevu wa hewa ukawa chini ya asilimia 1. Kwa Kisangani, mji ulio karibu kabisa na ikweta, unaopata mvua karibu mwaka mzima, jambo hili lina uzito wa pekee: kuunganisha seli zilizokamilika kuwa betri ni kazi inayowezekana katika karakana yoyote safi ya mjini, lakini kutengeneza seli yenyewe kungehitaji mashine za kukausha hewa zenye kula umeme mwingi, umeme ambao bwawa la Tshopo halina wa kugawa. Seli ikishafungwa hupewa chaji yake ya kwanza polepole sana. Katika saa hizo sehemu ndogo ya elektroliti huvunjika juu ya grafiti na kuacha utando mwembamba unaopitisha ioni na kuzuia uharibifu zaidi. Utando huo humeza asilimia kadhaa ya lithiamu yote, na uhai wa seli kwa miaka yote inayofuata hutegemea ulivyotengenezwa.

Joto, njia na bandia

Utando huo ndio unaoshambuliwa na joto. Wataalamu hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha uchakavu karibu maradufu. Wastani wa joto la Kisangani ni nyuzi 25 hivi, kiwango kinachofaa kabisa, lakini taa iliyoachwa juani pamoja na paneli yake, au betri iliyotundikwa chini kabisa ya bati, hupata joto kubwa kuliko lile la kivulini, na hali mbaya kuliko zote ni ile ya seli iliyojaa hadi juu ikakaa katika joto hilo siku baada ya siku. Waya mrefu kidogo, unaoacha paneli juani na kuiweka betri kivulini karibu na sakafu, huongeza umri wake kuliko kifaa chochote cha ghali.

Njia zinazoleta seli mjini nazo huacha alama. Tangu Aprili 2016 kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zimekataza seli hizi zisizofungwa ndani ya vifaa kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria, na katika ndege za mizigo zisizidi asilimia 30 ya chaji. Njia nyingine ni boti za Mto Kongo, ambazo huvuka takriban kilomita 1,700 kutoka Kinshasa kwa muda wa wiki nyingi, au barabara itokayo Mombasa kupitia Uganda, Komanda, Mambasa na Bafwasende. Seli hupoteza chaji kidogo kila mwezi hata isipotumika, na bodi ya ulinzi nayo hunywa tone lake. Bidhaa iliyokaa miezi mingi bohari na majini yaweza kumfikia mnunuzi ikiwa imeshuka chini ya kiwango cha usalama, ingawa karatasi yake haijafunguliwa.

Kuhusu bandia, kipimo kimoja hutosha kuondoa nyingi. Seli bora za 18650 zina uwezo wa miliampea-saa 3,500 hivi, na uzito wa gramu 45 hadi 50. Seli ya umbo hilo iliyoandikwa 9,900 haiwezi kuwa ya kweli, na ikiwekwa kwenye mizani mara nyingi hugundulika kuwa nyepesi mno. Mizani ndogo ya wauza dhahabu, ambayo haikosekani katika mji wa jimbo lenye dhahabu na almasi kama Tshopo, yaweza kufanya kazi hiyo vizuri.

Kobalti ya nchi na seli zisizo na kobalti

Kongo huchimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, karibu yote ikitoka Lualaba na Haut-Katanga, ambako hupatikana pamoja na shaba. Hutoka nchini ikiwa hidroksidi, unga ambao haujasafishwa kikamilifu, huelekea bandari za kusini na mashariki, husafishwa zaidi China, na sehemu yake hurudi Kisangani ndani ya simu. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka viwango maalumu vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka.

Hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini mwanafunzi wa seli huona upande wake wa pili. Kobalti ikipanda bei, watengenezaji wa magari hupata sababu nyingine ya kukimbilia LFP, na kemia hiyohiyo isiyo na kobalti ndiyo inayoifaa zaidi nyumba ya Mkongo yenye sola: haiogopi joto upesi, hudumu miaka mingi, na hupatana na vidhibiti vya volti 12. Lithiamu, kwa upande wake, haina mbadala katika seli hizi zote, na Manono, katika jimbo la Tanganyika, ina mojawapo ya mashapo makubwa ya lithiamu ya mwamba duniani. Nchi inayotaka faida ya kudumu ingefanya vyema kuipima Manono kwa uzito uleule inaoupa Kolwezi ya kobalti.

Mwaka 2021 kampuni ya utafiti ya BloombergNEF ilikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza nchini Kongo tani 10,000 kwa mwaka za kitangulizi cha kathodi, yaani unga wa nikeli, manganizi na kobalti kabla haujatiwa lithiamu, kingegharimu dola milioni 39, theluthi moja ya gharama ya kiwanda kama hicho Marekani. Mwaka uliofuata Kongo na Zambia zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika mnyororo wa thamani wa betri, na kituo cha Afrika cha utafiti wa betri kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kitangulizi hicho huzalishwa majini, hakihitaji vyumba vikavu vya kutengenezea seli, na kwa hiyo ni hatua inayokaribia uwezo wa sasa wa nchi.

Ipo pia akiba ambayo haimo ardhini. Mwamba wa Katanga huwa na kobalti ya asilimia chache tu, mara nyingi chini ya moja, ilhali kathodi ya betri ya simu iliyotupwa ina asilimia 60. Betri hizo hutupwa Kisangani pamoja na takataka nyingine, zikachomwa au kusombwa na mvua kuelekea mtoni. Kuzikusanya hakuhitaji kiwanda: huhitaji ndoo za mchanga mkavu, mkanda wa kufunika ncha za umeme, na mtu anayejua kuzitenga kwa kemia, kwa sababu seli za LFP zikichanganywa na za kobalti, chuma na fosfati huingia katika myeyusho wa msafishaji na kumlazimu atumie hatua na gharama zaidi, na bei ambayo angemlipa mkusanyaji hushuka.